Mama Alipokuwa Mwalimu

Septemba kwangu hadi leo inanukia rangi ya viatu na nguo iliyotoka kupigwa pasi. Tulikuwa tunajiandaa kwenda shule, na shule yenyewe ilikuwa jikoni. Mama alifundisha darasa la kwanza Korogwe kabla ya kuja London kutunza wazee, na kwake hakukuwa na shule bila sare. Basi alitushonea mashati meupe mimi na mdogo wangu Yona, akatupaka mafuta mpaka tukang'aa, nasi tukashuka ngazi za nyumba yetu ya mtaa wa Edmonton kwa viatu vilivyosuguliwa. Majirani wangetuona wangecheka. Mimi nilijiona waziri.

Sababu ya yote hayo ilikuwa Yona. Alikuwa na miaka sita, na tangu apelekwe shule ya mtaani kwetu hakuwahi kufungua mdomo mbele ya mwalimu. Nyumbani aliongea kwa kunong'ona, na hata mnong'ono huo ulikuwa unapungua. Mama akamtoa shule, nami nikatolewa pamoja naye asije akawa mpweke. Baba, dereva wa basi aliyeogopa barua yoyote ya council, yaani serikali ya mtaa, alikosa raha kabisa.

"Mama Neema, watu wa council wakija wakamkuta mtoto hasemi, si watamrudisha kule kule?"

"Atasema," Mama alijibu. "Mungu hajampa ulimi wa kulambia ice cream tu."

Siku ya kwanza tulipangwa mstari kando ya friji, tukakaguliwa kucha na masikio, tukaimba wimbo wa kanisani, tukasali. Kisha Mama akatoka, akaingia tena na chaki mkononi. Nikasimama wima: "Shikamoo, mwalimu!" Yona akamnyooshea mikono. "Mum," alinong'ona. Mama akatikisa kichwa. "Hapa hakuna mama, hapa kuna mwalimu. Mama atakuja saa ya uji." Ndivyo alivyozoea. Kwao, mtoto wa mwalimu akiwa darasani humwita mzazi wake mwalimu, wenzake wasije wakasema anapendelewa. Ni wenzetu gani aliowaogopa katika jiko lile lenye watoto wawili, sijui.

Yona aliyaamini maneno hayo yote. Wiki ile hakutamka hata herufi moja. Uji ukiiva alimng'ang'ania Mama shingoni. Masomo yakianza tena aliukodolea macho mlango. Mama alizidi kuwa mkali kwa sababu alizidi kuogopa, na mimi nilimhurumia sana. Asubuhi moja, tukiwa katikati ya a-e-i-o-u, Yona alinivuta shati.

"Neema, where did Mum go? Is she coming back?"

Mama alisikia. Aliweka chaki mezani, akakaa sakafuni, akampakata. Alikuwa analia waziwazi.

"Niko hapa, baba. Sijaenda popote. Ni mimi mama yako ninayekufundisha."

Yona alimshika mashavu, akamchunguza, kisha akaanza kusema. Alisema Kiswahili na Kiingereza vikipandana: kelele za shule ile, watoto waliomcheka, choo alichoogopa kuomba ruhusa ya kwenda. Uji uliungua na hakuna aliyejali. Tangu siku hiyo alisoma akiwa mapajani, na mwanamke wa council alipokuja kutukagua alimkuta papo hapo, akisoma hadithi ya kuku kwa sauti mpaka Baba akatoka nje kujifuta macho.

Siku hizi wanangu wanasoma shule ya kawaida, na walimu wao wana subira ambayo Yona hakuipata. Nashukuru, ingawa hakuna anayewafahamu kama Mama alivyotufahamu sisi. Yona naye ana familia yake. Kila jioni humpigia Mama simu, akaongea habari za kazi, za gari, za mvua, hata Mama asipate nafasi ya kuitikia. Juzi nilimwona amechoka, nikamwambia amkatishe, wataongea kesho. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Huyu nilimsubiri sana aseme," akaniambia. "Mwache aseme."