Makato ya Mtalaka

Nilipoolewa nilijua kwamba mshahara wa mume wangu una mdomo mwingine unaoula kabla yangu. Hakunificha. Alikuwa mwendesha winchi bandarini, na hakimu alikuwa ameamuru mwajiri wake amkate kila mwezi fedha za matunzo ya mtalaka wake, mpaka mwanamke huyo atakapoolewa tena. Nikakubali. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeachika mara moja, naijua njaa yake.

Tulipanga chumba kimoja Temeke. Miaka ile ya Ujamaa ungeweza kuwa na hela ukakosa sukari, na siku sukari ilipofika dukani ukawa huna hela. Hata hivyo sikulalamika, mpaka siku moja tukiwa kwenye foleni ya duka la ushirika, shoga yangu aliponiambia kuwa mtalaka yule ameolewa Kimbiji tangu Ramadhani ilipokwisha.

"Na bwana ako bado anakatwa?"

"Bado."

"Haya. Mie simo."

Mtu akikwambia "mie simo" ujue yumo mpaka shingoni. Nikambana. Akasema aliyemuoa ni mzee mwenye shamba la minazi, rika la baba yake. Kisha akaniuliza mume wangu alimwacha yule mwanamke kwa talaka ngapi.

Tatu. Aliziandika zote kwa mpigo, kwa hasira, na mtaa mzima ulijua alivyojuta. Mwanamke wa talaka tatu harudi kwa mumewe mpaka kwanza aolewe na mwanamume mwingine, waishi kweli kama mke na mume, kisha huyo naye amwache kwa hiari yake. Masheikh wanakataza watu kulipanga jambo hilo, lakini watu hulipanga.

"Angalia shoga," akaninong'oneza, "usije ukakuta mzee ni daraja tu."

Jioni nikamuuliza mume wangu mbona makato hayakomi na mwenyewe kaolewa. Hakushtuka hata kidogo.

"Mahakama ina taratibu zake, mke wangu."

Taratibu! Mtu aliyewahi kugombana na msimamizi kwa ovataimu ya saa moja, leo anaheshimu taratibu. Tangu hapo nikaanza kumchunguza. Akinyoa ndevu katikati ya wiki, nauliza anamnyolea nani. Akinyamaza, anamuwaza. Akicheka, amepata habari zake. Nilinusa mashati yake kama paka anayetafuta samaki. Sikupata kitu, na huko kutopata kitu ndiko kulikonitia wasiwasi zaidi.

Nikamuaga kuwa naenda kumwona mgonjwa. Nikavuka Kigamboni, nikapata lori, nikafika Kimbiji nimejaa vumbi na maneno. Nilimkuta yule mtalaka barazani anasuka ukili wa mkeka. Alinitambua kabla sijajitaja, akaniletea maji na kigoda. Alikuwa mzuri. Hilo nalo liliniudhi.

"Dada, hela zenu mie sili," akaanza kabla sijakaa vizuri. "Tangu niolewe sijaenda tena mahakamani kuzichukua. Zimelala hukohuko. Na nilimtumia salamu zamani, aende akamwombe hakimu makato yasimame. Ni yeye anayetakiwa kuomba, mie nithibitishe tu."

"Alizipata hizo salamu?"

"Alizipata. Akajibu hana haraka."

Maji yalinipalia. Mshahara unakatwa, fedha haziliwi na mtu, nasi tunashindia uji, yeye hana haraka! Nikamuuliza waziwazi kama anataka kurudi kwa mume wangu.

"Mie? Hapa nimepumzika, dada."

Sikumwamini. Lakini nilipomwomba aje mahakamani na mumewe, hakusita, na hapo nikaanza kumwamini kidogo. Nyumbani nikamwambia mume wangu apeleke ombi kwa hakimu, nikamwambia pia nilikotoka. Hakugomba, na ombi akalipeleka. Aliuliza tu kama mzee ana afya njema.

Siku ya kesi walikuja pamoja na balozi wao wa nyumba kumi, ambaye aliieleza mahakama kwamba ndoa anaijua na pilau aliila. Mwanamke akasema ameolewa. Mzee akasema ndiye mume. Hakimu, aliyemwita kila mtu ndugu, akamgeukia mume wangu.

"Ndugu, una la kusema kabla sijaamuru makato yasimame?"

Alichotakiwa kusema ni kwamba hana, twende zetu. Alisimama akiikunjakunja kofia yake mkononi, kisha akamgeukia mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Samahani nikuulize. Una nia ya kukaa naye?"

Mzee akamtazama bila chuki.

"Mwanangu, mie nimeoa. Sikuazima."

Watu waliangua kicheko, na hakimu akainamisha kichwa kuficha chake. Mimi sikucheka. Mume wangu hakucheka. Na yule mwanamke, aliyesema amepumzika, alikuwa anatazama sakafu. Nilimwona.

Hakimu akaamuru makato yakome, na fedha zote ambazo hazikuchukuliwa arudishiwe mwenyewe. Mume wangu alipozipokea kwa karani, alinikabidhi zote palepale bila kuzitazama. Nilikuwa nimepata kila nilichokiendea, na moyo uliniuma hata nikashindwa kumshukuru.

Tulirudi kwa miguu. Nilijikaza nisiulize, nikashindwa kabla hatujafika sokoni.

"Na kama mzee angesema atamwacha?"

"Si amesema hamwachi?" akanijibu, akatangulia mbele.