Suti ya Zamu

Suti ilikuwa moja na sisi tulikuwa watatu. Tuliishi chumba kimoja kwenye laini za kiwanda, zile nyumba za safu za wafanyakazi, pale Thika: mimi, mwenzangu wa rika niliyetahiriwa naye asubuhi moja kwa kisu kimoja, na Mluhya mmoja kutoka Kakamega aliyebeba magunia bohari. Fundi Mhindi alipotuona tumeingia watatu kupimwa suti moja alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Mimi nilikuwa mnene, rika yangu mrefu, na Mluhya mfupi kiasi cha kulala kwenye benchi akanyoosha miguu. Fundi akapima kifua changu, miguu ya rika yangu na mikono ya Mluhya. Ikatoka suti ya rangi ya kahawia ambayo haikumkaa vizuri mtu yeyote, na tukaipenda kuliko wachumba wetu.

Ilivaliwa kwa zamu, Jumapili kwa Jumapili. Mwenye zamu alitangulia mbele na wengine wawili tukamfuata na mashati yetu. Kwanza kanisani, tukae viti vya mbele tuonekane. Kisha kwa mwenye bucha, tukakatiwe mutura ya moto, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, ukachomwa mpaka ukapasuka. Kisha hoteli, chai ya maziwa na mandazi, mwenye suti ameketi katikati na gazeti limetandikwa mapajani asidondokewe na mafuta. Na ole wako umdondoshee! Niliwahi kumng'oa Mluhya jino kwa sababu ya tone la supu. Sijivuni, nasema ilivyokuwa. Nilikuwa na mkono mwepesi, na watu wa laini walinijua hivyo.

Usidhani zilikuwa raha za bure. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, na kila anasa ilikuwa na mtu wa kukupigia. Watu wa msitu, wale waliopigana na Wazungu, walikuwa wamekataza bia ya Wazungu, sigara na kofia. Karani mmoja jirani yetu alitoka na kofia yake mpya, akarudishwa kwa mkokoteni, kichwa kimepasuliwa kwa panga, na kofia imewekwa juu ya kifua haina hata doa. Ukisema basi nitaacha bia na sigara nikae salama, askari wa serikali wanakuuliza ni nani amekukataza, na wanakuuliza kwa kitako cha bunduki. Kwa hiyo tulikunywa soda. Soda haikuwa na upande.

Juu ya hayo yote ilikuwako pasibuku. Kila Mkikuyu mwanamume alitakiwa kuwa nayo mwilini, kile kitabu kidogo chenye picha yake, alama za vidole, na muhuri wa kuonyesha anaruhusiwa kufika wapi. Mluhya hakudaiwa. Sisi wawili tulilala nazo. Kukutwa bila pasibuku ilikuwa ni lori, na lori lilikwenda kambini, na kambini tuliona wangapi wakienda na wangapi wakirudi. Ndiyo maana suti yetu ilikuwa na sheria moja: ukiivua, unageuza mifuko nje mbele ya wenzako. Na mwenye zamu alitia pasibuku yake katika mfuko wa ndani wa koti tangu Jumamosi jioni, asije akasahau.

Sasa sikiliza. Ukumbi mmoja wa Ruiru ulitangaza shindano la dansi. Dansi zilikuwa mchana siku hizo, kwa sababu ya kafyu, saa nane mpaka saa kumi na moja. Mshindi angepewa blanketi na sufuria kubwa, lakini nani alitaka sufuria? Tulitaka kutajwa. Na zamu ya suti Jumapili hiyo ilikuwa ya rika yangu.

Nikubali ukweli: yeye alikuwa mchezaji, mimi nilikuwa natikisika tu. Kodiani ikilia miguu yake ilikuwa haigusi sakafu. Alikuwa na msichana wa kucheza naye, mchuma kahawa wa shamba moja la Ruiru, na walikuwa wamefanya mazoezi mwezi mzima kila alipopata nafasi ya kufika huko. Hata hivyo nilimwomba tubadilishane zamu. Nilimwomba kwa upole, jambo ambalo sikulizoea. Tulikuwa bombani, wanaume kama kumi wanaoga. Akacheka, akasema, "Wewe? Wewe ukicheza unakanyaga hata kivuli chako!"

Wakacheka wote. Mluhya alicheka mpaka akashika ukuta, na pengo lake likaonekana. Mimi nikanyamaza. Mama yangu alikuwa akisema, huyu akipiga kelele mwacheni, akinyamaza kimbieni. Laiti rika yangu angekimbia.

Jumapili asubuhi alikwenda kuoga. Mluhya alikuwa zamu ya kazi bohari. Suti ilikuwa kwenye msumari, imepigwa pasi, mistari ya suruali inaweza kukukata. Hasira hasara, ndivyo wanavyoniambia leo. Wangeniambia saa ile ningewatia makofi. Nilivaa ile suti, kitambaa kikalia kwenye tumbo, nikatia pasibuku yangu mfuko wa nyuma, nikachukua baisikeli yangu nikaenda zangu. Nilimsikia akiimba bombani nilipopita nyuma ya choo. Na niseme wazi, nilifurahi.

Ni mwendo mrefu, Thika hadi Ruiru, lakini siku ile niliumaliza nikipiga mluzi, kahawa kulia na kushoto. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alinisimamisha, akatazama pasibuku yangu na muhuri, akatazama suti, akaniambia, "Bwana harusi, pita." Nikajiona mtu. Nilipofika nje ya ukumbi nikanunua sambusa mbili na soda ya machungwa. Mafuta yakanitoka mdomoni, nikaingiza mkono mfuko wa ndani kutafuta leso.

Sikupata leso. Nilipata pasibuku ya rika yangu.

Haki ya Mungu, niliijua kabla sijaitoa. Niliijua kwa kuipapasa, kwa ile ncha yake iliyotafunwa na panya. Rika yangu alikuwa Thika, laini za kiwanda, hana pasibuku, na askari walikuwa wanapita laini siku yoyote, saa yoyote. Baisikeli ilikuwa pale pale, imeegemezwa ukutani. Ningepanda saa ile, ningefika kabla ya chai ya jioni, angenirushia ngumi, ningemrudishia, na leo tungekuwa tunasimuliana tukicheka.

Kodiani ikaanza ndani. Nikasema, moja tu. Nicheze moja, kisha nirudi.

Yule msichana alikuwa mlangoni, gauni la maua, kitambaa cheupe kichwani, anatazama barabara. Akaniona. "Mwenzako yuko wapi?"

"Ana homa."

Akanitazama kuanzia shingoni hadi viatuni. "Koti lake halina homa?" Kisha, kwa kuwa jina lilikuwa limeshaandikwa na watu wanatazama, akanipa mkono tukaingia.

Na nilicheza! Sitakudanganya kwa sababu ya yaliyofuata. Kulikuwa na mtu wa kodiani, na kijana wa kugonga pete ya chuma, na vumbi, na harufu ya mafuta ya nywele, na wanawake wakipiga vigelegele, na mimi katikati ndani ya suti, nazunguka. Msichana alicheza kwa hasira, akaniburuta pale nilipokosea, na hasira yake ikapendeza watu. Moja ikawa mbili. Mbili ikawa nne. Kila nikigeuka pasibuku ile inanigonga kifuani, na kila ikinigonga nasema, hii ndiyo ya mwisho. Sijapata kuwa na raha kama ile tena maishani, na naichukia.

Askari waliingia kwa mlango wa mbele na wa nyuma kwa pamoja. Mwenye kodiani alipigwa kwanza, rungu likapita kwenye kodiani ikatoa mlio ambao hata sasa nikiukumbuka meno yanauma. Sufuria ya zawadi ilikanyagwa. Mzee mmoja aliyejaribu kuuliza kuna nini alipigwa kiatu cha uso akalala. Tulitolewa uani, wanaume tukaketishwa mavumbini kwa safu, wanawake upande mwingine, na Mzungu kijana wa polisi, uso umejaa chunusi, akawa anapita na askari wake wanakagua mmoja mmoja.

Nilipofikiwa nilitoa yangu. Askari akanipapasa, akatoa na ya pili.

Ngai, Mungu wangu! Mtu mwenye pasibuku mbili ameua mwenye moja, au amepewa na mtu aliyekimbilia msituni, na lolote kati ya hayo ni kitanzi. "Huyu ni nani? Yuko wapi?" Kabla sijafungua mdomo kitako cha bunduki kilinipata mbavuni, cha pili begani, cha tatu sikujua kiliponipata. Niliona damu yangu inaingia kwenye ukosi wa koti. Walinivua koti wakanipiga nalo, wakanipiga bila ya hilo. Askari mmoja, mtu wa kwetu kwa lugha yake, alikuwa akinikanyaga vidole na kuniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Sema tu, ndugu. Sema tu."

Kulikuwa na neno la kweli la kusema. Lilikuwa fupi: nimeiba koti. Basi. Nimeiba koti la mwenzangu, pasibuku ilikuwemo, yeye hajui. Ningefungwa kwa wizi, miezi kadhaa, na yeye angerudishiwa kitabu chake. Lakini yule msichana alikuwa anatazama kutoka safu ya wanawake, na watu wote walioniona nikizunguka walikuwa wanatazama. Mimi, mwizi wa koti? Kiburi changu, hata na mbavu zilizovunjika, kilikuwa kimekaa wima.

Nikasema, "Alinipa mwenyewe nimshikie."

Sikujua, naapa, kwamba nilikuwa nimechagua neno baya kuliko yote. Kumpa mtu mwingine pasibuku yako lilikuwa kosa kubwa, ni dalili ya mtu mwenye mipango. Mzungu akaandika. Akauliza anapolala. Nikasema laini gani na mlango wa ngapi. Nikaongeza, ili wasinipige tena, kwamba wangemkuta tu, hana pa kwenda.

Waliniachilia kesho yake, kitabu changu kikiwa sawa. Nilisukuma baisikeli mpaka Thika kwa sababu sikuweza kuipanda. Mluhya alikuwa ameketi mlangoni, jicho moja limefumba. Aliniambia walimkuta rika yangu amevaa shati lake la kazi, anakaanga viazi. Hakukimbia. Alidhani wamekuja kukagua tu, akawaambia, "Pasibuku iko kwenye koti, ngojeni rika yangu anakuja nayo." Wakasema, kumbe ni kweli. Walimpiga kwa sufuria yake mwenyewe, mafuta moto yakammwagikia mgongoni, wakamburuta mpaka lori. Mluhya alipojaribu kuwashika walimpa lile jicho. Alinisimulia mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nilishinda.

Nilimpiga. Hakurudisha. Alifungasha vitu vyake jioni hiyo, na sikumwona tena.

Rika yangu alikaa kambini miaka minne na zaidi. Nilipeleka maombi kwa wakubwa wawili nikifafanua kwamba koti niliiba. Mmoja aliniambia wezi hawaandiki barua, mwingine hakunijibu. Mama yake alikuwa akinipikia nikienda kumtazama, ananipa kiti kizuri, ananiita mwanangu. Nilikula chakula chake miaka yote hiyo na sikumwambia.

Alirudi muongo ule ukielekea mwisho, wakati mabasi yalikuwa yamejaa tena na vijana wanavaa kofia bila woga. Nilimwona stesheni ya mabasi ya Thika, saa nne asubuhi, mwembamba, mdomo hauna meno ya mbele, mguu mmoja anauburuta. Nilikuwa nimejiandaa miaka minne. Nilitaka anipige. Nilitaka anivunje chochote anachotaka, mbele ya watu, nilale chini, tuwe sawa.

Akanipa mkono. Akaniita rika.

Nikamwambia pale pale, watu wanapita, "Mimi ndiye niliyesema ulinipa."

"Walinisomea," akasema. "Haidhuru. Nami ningepigwa vile ningesema. Umekula?"

Umekula! Sijui kilichonipanda. Ningeweza kustahimili tusi, ningeweza kustahimili kisu. Mkono wangu uliondoka wenyewe, ule mkono mwepesi, nikampiga kofi la uso.

Mtu huyu, kabla hawajamchukua, angenitupa barabarani kwa pigo moja. Lakini alichuchumaa. Alichuchumaa haraka, kwa mazoea, katikati ya stesheni, akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa, akafumba macho, akangoja yanayofuata. Watu wakasimama. Mwanamke mwenye kikapu cha ndizi akaniambia nimelaaniwa.

Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia, "Ni mimi. Rika, ni mimi tu."

"Najua ni wewe," akasema, lakini mikono hakuiteremsha.