Zamu Yangu Siku ya Risasi

Asubuhi ile nilikuwa nachambua mchele wa pilau, maana ilikuwa siku ya zamu yangu. Mume wangu, Makame, ana wake wawili: mimi mkubwa, Kikwajuni, na Mpolandi mmoja, Agata, yuko Matemwe, pwani ya kaskazini. Siku mbili kwangu, mbili kwake. Uchaguzi ulikuwa umepita na mji umetulia. Nikautia mchele maji.

Makame anatembeza watalii Mji Mkongwe, na Kipolandi anakimwaga kama kazaliwa huko. Agata ndiye aliyempa kisa cha mwinyi wa kwao wa zamani, mtu aliyepinda mdomo, na wageni wakikisikia vichochoroni Shangani hucheka na kumpiga picha. Nyumbani Makame alikuwa akimhadithia Haji, mwanetu, wakati huo ana miaka sita. Mwinyi yule alimtoa macho kaka yake wa mama mwengine ili atawale peke yake. Mkewe wa kwanza alimzalia mtoto wa kiume, akafa. Akaoa wa pili, wakazaa chungu nzima. Alipokaribia kufa akawagawia wanawe nchi, kila mtu chake, wasigombane.

"Wakagombana?" nikamwuliza.

"Wakagombana. Mke mdogo alitaka yule mtoto wa mke mkubwa afukuzwe."

"Na mke mkubwa kasemaje?"

"Nshakwambia, alikuwa keshakufa."

"Kapumzika," nikasema. Makame akacheka. Mimi sikucheka.

Siku za zamu yetu Haji alikuwa na mtindo wake: anapanda kiti, anabana uso kwenye kioo cha dirisha, anaingoja vespa ya baba yake. Tunakaa ghorofa ya kwanza, njia yote anaiona.

Baada ya adhuhuri tukasikia mlio upande wa Michenzani. Nikadhani ni fataki.

Ukaja wa pili. Watu wakaanza kukimbia.

Nikampigia Makame; simu ikashika karibu na alasiri.

"Uko wapi?"

"Matemwe. Njia hazipitiki."

"Leo zamu yangu."

"Najua. Lakini mwenzio mjamzito, anatetemeka, hana mtu hapa."

"Na mimi nina nani? Nina jeshi humu ndani?"

Kisha akasema, "Nipe Haji."

Nikampa. Sauti ya simu ilikuwa juu, nilisikia mwenyewe: "Nipo njiani, baba. Ningoje hapo hapo dirishani."

Nikamnyang'anya ile simu. Keshakata.

"Haji, toka hapo."

"Baba kasema nimngoje."

"Toka!"

Kilichorushwa sikukiona. Wala nani kakirusha. Nilisikia kioo.

Haji hakulia. Aliinua mkono, akaushika uso.

Aliyembeba hadi hospitali ni mume wa Bi Zuhura, jirani yetu wa chini. Alikuwa anaingia mlangoni wakati ule ule, kajaa vumbi hadi kwenye nyusi. Katokea wapi? Matemwe. Alikwenda kununua mwani, akasikia mji umechafuka, akapita njia za mashambani kwa vespa kama ya Makame. "Nina mke nyumbani, jirani," aliniambia tulipokuwa tunangoja daktari. "Ningekaaje kule?" Hakujua kanichoma wapi.

Makame alikuja hali ilipotulia. Akalia sana kitandani kwa mtoto. Tulipotoka nje ya wodi akanishika bega, akasema, "Zamu yako nitailipa."

Kweli kailipa. Sheria anaijua. Alilala kwangu siku zangu na zile zilizopotea, hakukosa hata moja.

Wengine walizika. Mama wa ghorofa ya juu alimzika kijana wake, na bado hunisalimia vizuri. Naambiwa nishukuru, na nashukuru. Mwanangu yupo, anasoma, anacheza mpira, ingawa ukija kwa kushoto hakuoni.

Kile kisa cha mwinyi Makame hakihadithii tena nyumbani. Mji Mkongwe bado anakihadithia. Nimemsikia.

Agata alijifungua mtoto wa kiume. Idi iliyopita alimleta, akaketi ukumbini kwangu kajitanda mtandio, akala biriani yangu, na alipomtazama Haji akabubujikwa na machozi. Sikuwa na neno naye. Watoto wakacheza sakafuni. Haji akamfunika mdogo wake jicho la kushoto kwa kiganja, kisha akaniuliza:

"Mama, yeye huku anaona?"

"Anaona."

Kile kitoto kikacheka, kikanitazama kwa macho yote mawili. Mama yake nilimwonea wivu miaka. Lakini wivu wenyewe niliujua siku ile ya Idi.