Kugawa Bukuru na Butoyi

Cibalonza aliolewa Rumonge akitokea Uvira, ng'ambo ya ziwa, vita ikiwa imeshatufundisha kulala na viatu miguuni. Kazi yake ilikuwa kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, nami nilianika kando yake, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu.

Aliposhika mimba, mama mkwe wake, Généreuse, alikuja kila asubuhi na chupa ya urwarwa, ile pombe yetu ya ndizi. Chakula kilikuwa haba, barabara ya Bujumbura haipitiki kwa risasi, na mwenye mimba atapata wapi nguvu? Cibalonza hakupenda pombe. Lakini chupa ya mama mkwe hairudishwi, labda kama umechoka na ndoa. Akanywa mpaka siku ya uchungu.

Wakazaliwa mapacha, wakapewa majina ya mapacha wa kwetu: Bukuru, msichana, na Butoyi, mvulana. Bukuru alinona na kusema mapema. Butoyi alikuwa mdogo, mdomo wa juu mwembamba, kila kelele inamshtua, na neno ulilomwambia asubuhi mchana hanalo tena. Aliwagawia paka ndagala zangu bila haya hata kidogo, na mimi nilimpenda hivyo hivyo.

Walipotimiza miaka minne, Généreuse alitoa hukumu. Bukuru ni damu ya Rumonge, Butoyi ni damu ya ng'ambo. Basi Cibalonza arudi Uvira na wa kwake, Bukuru abaki. Espoir, mume mtu, alipoulizwa alikumbuka ana nyavu za kushona.

Ukaitwa mkutano wa ukoo. Kwetu mkutano bila mtungi haufunguliwi, hivyo watu walizunguka pombe, kila mmoja na mrija wake. Mardochée, kaka yake Généreuse, alitangaza kwamba ukoo wao haujawahi kuzaa mtoto msahaulifu. Baadaye alituuliza mara tatu tumekutana kwa ajili gani.

Cibalonza alikuwa amemwomba Elda, muuguzi wa disipanseri, aje kumsemea. Elda aliuliza kama mama alikunywa wakati wa mimba. Cibalonza akainamisha kichwa. Généreuse ndiye aliyejibu, kifua mbele.

“Kila siku, chupa nzima. Mimi mwenyewe nilimuletea. Sikumunyima hata siku moja.”

Elda akasema pole pole kwamba pombe anayokunywa mama humfikia mtoto tumboni, na inaweza kumharibia ubongo na sura. Mirija ikasimama. Ndipo Espoir alipotoa neno lake la kwanza siku hiyo.

“Walikunywa pombe moja. Mbona Bukuru iko muzima?”

Elda akaeleza kuwa mapacha hawa hawakufanana tangu mwanzo. Kila mmoja alichukua fungu lake la urithi kwa baba na kwa mama, na mwili mmoja huweza kuvumilia pombe kuliko mwingine. Fungu la Butoyi lililokuwa dhaifu lilitoka upande gani, yeye hakuwa na kipimo cha kuonyesha. Huenda pande zote mbili. Ila urithi peke yake haukumuumiza mtoto. Kilichomuumiza ni pombe.

Kila mtu akatazama mtungi. Cibalonza, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumjibu mama mkwe, aliinua kichwa.

“Mama, mbele ya kugawa watoto, tugawe ile pombe. Mimi niliikunywa, nusu iko yangu. Nusu ingine iko ya nani?”

Nilitaka kucheka, nikajikuta ninalia. Généreuse alichomoa mrija wake mtungini, akaushika tu mkononi, na hakuna aliyezungumza tena habari za Uvira.

Butoyi bado husahau njia ya bombani. Bibi yake humwelekeza mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne humshika mkono, wakaenda wote wawili.