Sikukuu Pili ya Nani?

Assalaam alaykum admin na nyote mnaosoma. Nakuomba unifiche jina, maana Unguja yetu hii mtu akikohoa Mpendae anaulizwa hali Fumba.

Mie ni mama wa miaka thalathini na moja, kazi yangu kuchora hina na kusuka. Nimeachika, nimerudi kwa mama yangu Mpendae na mwanangu mmoja wa kike, wa miaka sita, tumwite Nunu. Baba yake ni fundi rangi, kahamia Fumba kwenye majumba mapya, na huko huko kaoa mke mwenye watoto wake wawili. Simsemi mtu, kila mmoja na riziki yake. Lakini mie na yeye hatupigiani simu, tukipigiana ni ugomvi tu. Kila jambo linapita kwa dada yake, wifi yangu, ambaye mpaka leo tunapendana.

Basi Ramadhani iliyopita nyumba yetu haikuwa na mazungumzo ila kiwanja cha kufurahishia watoto. Nlimwahidi Nunu kuwa Idi hii lazima aende. Sasa nyinyi mnajua sikukuu pale kila kitu kinapanda, hata maji ya kunywa, na mie mfuko wangu naujua mwenyewe. Tukajipanga: katlesi za nyumbani, juisi ya ukwaju kwenye chupa, na pembea achague moja tu. Lo, hiyo kuchagua! Treni akaikataa, eti ya watoto wadogo. Farasi wa kuzunguka akawataka, kesho yake akawaacha. Mwisho akashikilia lile pembea kubwa linalopanda juu mpaka unaiona bahari.

Nkamwambia, mwanangu, mie nikipanda stuli tu kichwa kinanizunguka, na mtoto peke yake hapandishwi. Akanijibu palepale, "Basi ntapanda na baba."

Nkampelekea wifi maneno, na wifi akaniletea jawabu: "Kaka kasema sikukuu pili, alaasiri, atakuja kumchukua hapo mlangoni. Awe tayari tu."

Jamani, furaha ya mtoto yule! Nlimfundisha kuhesabu siku nne za Idi kwa vidole nilivyomtia hina: mosi, pili, tatu, nne. Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa kidole cha pili.

Sikukuu mosi tukenda zetu shamba kwa shangazi, kupeana mkono wa Idi, kama tunavyofanya kila mwaka. Tulirudi magharibi. Sikukuu pili, adhuhuri haijaadhiniwa, Nunu kashavaa, kashakaa barazani na kikapu cha katlesi mapajani. Chakula hataki, eti atakula kule na baba. Kila pikipiki ikiingia mtaani anasimama, ikipita anakaa. Alaasiri ikapita. Ilipoadhiniwa magharibi akaniuliza, "Mama, baba kasahau?" Nkasema labda kapata dharura. Hakulia. Bora angelia ningejua la kufanya.

Asubuhi yake nkampigia wifi, na nkasema maneno ambayo mpaka leo namwomba radhi. Akaningoja nimalize.

"Wifi, mbona kaka alikuja! Kagonga mpaka jirani akatoka. Kakuta mmefunga mlango mmekwenda zenu. Kaudhika, anasema umemficha mtoto makusudi."

"Alikuja lini?"

"Sikukuu pili."

"Sikukuu pili ya nani?"

Wifi akaanza kuhesabu siku. Na mie nkakaa kitako pale pale jikoni.

Maana siku ile ya thalathini ya Ramadhani, sisi tumefunga, nliona watu wachache wamevaa kanzu mpya wanakwenda kusali, nkasema moyoni, hao na mwezi wao. Wallahi haikunipitikia kuwa baba Nunu ni mmoja wao. Tulipokuwa pamoja tulikuwa tunangoja mwezi utangazwe hapa hapa kwetu. Kumbe kule kwa mkewe wanafuata mwezi wa kimataifa, na yeye kafuata. Sikukuu pili yake ilikuwa sikukuu mosi yetu, na sisi tuko shamba kwa shangazi.

Nlimtuma wifi amweleze. Akajibu, "Mwambie asinichezee, mwezi ni mmoja dunia nzima." Tangu hapo hakuja.

Sasa Idi ya mfunguo tatu, ile ya kuchinja, inaingia, na mwezi ushatofautiana tena. Wifi kambembeleza, kakubali kumchukua mtoto, lakini sikukuu mosi yake tu, kwa sababu kesho yake anasafiri na watu wa mkewe. Na siku hiyo kwetu ni Arafa. Mama yangu kasikia kaja juu: "Watu wamefunga Arafa, wewe umvishe mtoto nguo mpya apite mbele za watu akapande pembea? Si kutoka nyumba hii!" Mama ndiye aliyenipokea nilipoachwa, na sina pengine pa kwenda.

Jana nkamweka Nunu mapajani, nkamwambia kweli yote. Baba hakukusahau, alikuja, ila Idi yake inaitangulia yetu.

Akafikiri. "Na wale watoto wa kule, Idi yao na baba ni moja?"

Nkasema ndiyo.

Akaangalia vidole vyake, havina hata alama ya hina. "Basi baba ni wao. Mie na baba hatuna sikukuu moja."

Nnaandika haya machozi yananitoka. Nishaurini, ndugu zangu. Nimvunjie mama yangu heshima siku kafunga, nimvishe mtoto aende na baba yake? Au nimtii mama, na mwanangu abaki na maneno yale moyoni? Nfanye nini?