Kikapu Nilichokikana Siku ya Mavuno

Mimi nimewahi kumkana mbwa ndani ya nyumba ya Mungu. Haya, chekeni kabisa mmalize, ni haki yenu, hata waliokuwepo walicheka. Ila mkishamaliza mniache niseme na kile kipande ambacho huwa nakiruka kila nikisimulia, kwa sababu nimezeeka na sitaki kwenda nacho kaburini.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, ule mwaka wa njaa tulipokula unga wa yanga (nyie vijana hamuujui, ni unga wa mahindi ya manjano kutoka nje, mtu alikula amenuna lakini sahani aliisafisha). Nilikuwa balozi wa nyumba kumi huku kwetu milimani Usambara, upande wa Malindi (si ile ya pwani), kijana bado, nina koti zito la sufu nililolinunua Lushoto mjini, na nikilivaa siku ya mkutano najiona mkuu wa wilaya kabisa.

Binti yangu wa kwanza, Debora, alikuwa anakaribia umri wa kuanza shule. Mwaka mmoja nyuma mbwa mkubwa wa kufukuza nyani kwenye mahindi, wa jirani yetu Mzee Zakayo ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, alimwangusha mtoto njiani akamsimamia kifuani. Hakumuuma, alimbwekea tu usoni mpaka watu walipofika. Tangu siku hiyo Debora hakutoka nje. Sisemi hakupenda kutoka, nasema hakutoka. Hata chooni mama yake alimbeba mgongoni, miguu inaning'inia mpaka magotini kwa mama, mtoto mkubwa vile! Hospitali walimpima wakasema mwilini hana kitu. Na shule iko mbali, unapita mashamba ya watu, kila shamba na mbwa wake. Mke wangu akaniambia, "Baba Debora, mtoto huyu asipotembea kabla shule haijafunguliwa, ndiyo basi tena." Usingizi ulinitoka.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja Mzungu mwenye bustani ya mapeasi, sisi tulimwita Bibi Mapeasi, na wakati ule alikuwa anafunga mizigo arudi kwao, mbwa wake anawagawa. Nikawaza, dawa ya moto si ni moto? Mtoto akipata mbwa mdogo kuliko yeye, mbwa wa aina ile ambayo hata ikizeeka inabaki ya kukumbatia, woga utamtoka.

Tatizo lilikuwa mdomo wangu mwenyewe. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimesimama mkutanoni na koti langu nikasema kwamba mwaka huu wa njaa mbwa asiyelinda shamba ni kupe, ananyonya jasho la wengine, na tena mtu yeyote wa nyumba zangu kumi asionekane akienda kuokota makombo ya Wazungu wanaoondoka. Makofi nilipigiwa! Mzee Zakayo alikuwa na mbwa wa pili, kizee, hana hata meno, amekaa naye miaka mingi, na kwa ajili ya maneno yangu alimpeleka kwa ndugu yake kule Mlola. Alimpeleka kwa miguu, akarudi peke yake, wala hakunilaumu.

Basi mimi huyo huyo, Jumamosi mchana, na kikapu mkononi, nikapita njia ya juu msituni nisionekane, mpaka kwa Bibi Mapeasi. Walikuwa wamebaki wawili wadogo. Mmoja wa kahawia, mwili mrefu, miguu mifupi iliyopinda, mdomo umeota mvi. Mwingine mweupe, manyoya tele, hazidi paka. Yule mama aliniuliza maswali kama daktari: mtoto ana umri gani, anashika vitu kwa nguvu, nani atakuwa anashinda naye nyumbani. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Chukua huyu kahawia. Wajukuu yangu wamevuta masikio yake miaka yote, yeye nalala tu. Mweupe ni mwoga. Mbwa mwoga akibanwa nauma."

Nikaitazama ile miguu ya yule wa kahawia nikaona watu watasema balozi kaleta mbwa aliyekatwa na msumeno. Halafu nikampima kwenye kikapu, hakuingia, mkia na kichwa vyote vilibaki nje. Yule mweupe aliingia vizuri, nikamfunika na kanga. Kwa hiyo msije mkasema nilichagua mbwa, kikapu ndicho kilichochagua.

Nyumbani, Debora alipomwona alipiga yowe akajificha nyuma ya mama yake. Mbwa naye akakimbilia chini ya benchi, akakaa huko anatetemeka. Mtoto akamwangalia muda mrefu sana, halafu akauliza, "Tate," (ndivyo tunavyomwita baba kwa Kishambaa) "na yeye anaogopa?"

"Anaogopa."

"Ananiogopa mimi?"

"Anakuogopa wewe, mama."

Debora akalala kifudifudi akaingia chini ya benchi taratibu, akanyoosha kidole. Akampa jina Pamba. Na Jumapili asubuhi, jamani, nilifungua mlango nikamkuta yuko uani peke yake, miguu peku kwenye umande, ameshika kamba, mbwa anamfuata. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko anafuta macho na upindo wa kanga. Mimi mwenyewe nililia, sioni haya kusema.

Mke wangu akasema, "Nenda sasa hivi kwa Mzee Zakayo ukamwambie, na watu wako uwaambie. Aibu ukiiwahi asubuhi inakuwa ndogo." Alikuwa sahihi, kama kawaida yake. Nikamjibu nitasema baada ya ibada. Lakini Pamba akiachwa peke yake alilia mpaka bondeni wangesikia, kwa hiyo nikaona nimtie kikapuni, nimfunike, niende naye kanisani, atalala tu. Hilo ndilo kosa lenyewe, wala halikuwa kubwa.

Ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Mnajua desturi yetu Walutheri: kila mtu analeta alichojaliwa, kabichi, maharage, viazi, kuku, vinapangwa mbele ya madhabahu, Mchungaji anaviombea, halafu vinatoka nje kupigwa mnada. Na kitu kikishaombewa si chako tena, ukikitaka ukinunue kama mtu mwingine. Maharage yetu mke wangu alikuwa ameshayapeleka mbele, yeye yuko kwaya. Mimi na Debora tulikaa nyuma, kikapu kati ya miguu yangu. Watu walikuwa wanageuka kumtazama mtoto, maana amekuja kwa miguu yake, na mimi kifua kinapanda, nikasimama kuimba macho nimefumba, nimeinua uso juu, naimba kwa madaha kuliko kwaya yenyewe.

Nilipofumbua macho, kikapu hakipo.

Mzee Zakayo, kwa moyo mwema kabisa, alikuwa anapita kukusanya sadaka za waliochelewa, akaona kikapu cha balozi kimefunikwa vizuri, akasema huyu kasahau. Nikamwona anakiweka pale mbele, kati ya kabichi na jogoo mmoja mwekundu aliyefungwa miguu. Debora akanivuta koti, "Tate, Pamba." Nikamwambia, "Shhh."

Mchungaji akainua mikono, watu wote kimya, na kanga ikaanza kusogea. Kikatoka kichwa cheupe. Jogoo akapiga mabawa, Pamba akaruka juu ya kabichi, kabichi zikaporomoka zikaviringika mpaka kwenye viti vya wazee, kwaya yote inacheka mikono midomoni.

Mchungaji alitabasamu tu. "Kikapu hiki ni cha nani?"

Mzee Zakayo akasema, "Nimekitoa kwa balozi."

Kanisa zima likageuka. Nikayaona macho ya wale wote walionipigia makofi. Nikasimama na koti langu nikasema, "Si changu, Mchungaji."

"Lakini nimekichukua miguuni kwako, mwanangu," akasema Mzee Zakayo kwa upole, anadhani sikusikia.

"Labda mtu alikiweka pale, Mzee wangu. Mimi na mbwa wa Kizungu wapi na wapi?"

Mchungaji akauliza, "Kwa hiyo humjui huyu mbwa?"

"Simjui."

Na jogoo akawika.

Walutheri wanaijua Biblia, na yule mwanafunzi aliyemkana Bwana mara tatu kabla jogoo hajawika. Kicheko kilichofuata sijapata kukisikia tena, wazee walishikilia mabenchi, mama mmoja mpaka alitoka nje. Hapo ndipo ninyi nanyi huwa mnacheka, na mimi huwa naishia hapo. Leo naendelea.

Debora hakucheka. Alinitazama, akashuka kwenye benchi, akaenda mbele peke yake katikati ya kanisa lile lenye kelele, mtoto aliyekuwa hatoki nje ila mgongoni. Akapiga magoti akamkumbatia mbwa wake kwa nguvu. Na Pamba, kelele zimemzidi, akamuuma mkono.

Damu ilitoka. Kicheko kikakatika pale pale. Mimi nilifika mbele sijui nilipita wapi, mama yake akaruka kutoka kwaya, Mzee Zakayo akataka kumkamata mbwa, na mtoto analia huku amemkinga kwa mwili wake, anasema, "Msimpige, ameogopa tu. Ameogopa tu."

Mkono ulioshwa ukafungwa kwa kitambaa (na kesho yake nikampeleka hospitali achomwe sindano, zile za kichaa cha mbwa, na kila sindano nilikuwepo). Mchungaji akaviombea vyote vilivyoletwa, Pamba naye akiwa pale pale mbele, ibada ikaisha. Nje mnada ukaanza, na mnadi alikuwa Mzee Zakayo. Viliuzwa vyote, akabaki Pamba, maana naye alikuwa ameshaombewa. Mzee akamwinua juu.

"Nani anamtaka huyu?"

Nikasema, "Mimi."

"Sema kwa sauti, walioko nyuma hawajasikia. Mbwa huyu ni wa nani?"

"Ni wangu, Mzee. Nilimchukua kwa Bibi Mapeasi, nikamficha. Na kwa yule kizee wako uliyempeleka Mlola, nilikukosea."

Hakuna aliyecheka. Mfukoni sikuwa na kitu, nikavua koti nikaliweka juu ya meza. Nilidhani Mzee Zakayo atalirudisha, lakini alilikunja vizuri akaliweka kwenye sadaka, akanipa mbwa, akasema, "Pole, mwanangu." Nadhani alifanya sawa.

Tukarudi nyumbani kwenye ukungu, mimi nimebaki na shati. Debora alikataa kubebwa. Alitangulia na kamba yake kwenye mkono mzima, na tulipofika kwenye kona ya kwa Mzee Zakayo, yule mbwa mkubwa akabweka, mtoto akasimama kidogo halafu akapita. Nikamkimbilia nimshike mkono. Hakunipa. Akaniuliza bila kunitazama, "Tate, wakikuuliza na mimi ni wa nani, utasema hunijui?"

Hicho ndicho kipande ninachokiruka. Nilimjibu hapana, mwanangu, hapana kabisa, nikasema maneno mengi, naye akawa anatembea tu.

Bibi Mapeasi alisema kweli, nami nawaambia mnaowatafutia watoto mbwa wadogo: msipime urefu wa miguu, ulizeni tabia, na ulizeni akibanwa hufanya nini. Ila mbwa yule hakumuuma Debora tena maisha yake yote. Aliyekuwa hajulikani akibanwa atafanya nini ni mimi, na hilo mtoto alishaliona. Miezi ile alinisalimu, alinitii, alinipokea jembe nikirudi shamba, lakini mkono hakunipa.

Siku ya kuandikisha shule tulikwenda wawili, yeye mbele, mimi nyuma. Kulikuwa na foleni ndefu ya wazazi. Mwalimu, kichwa ameinamia daftari, akauliza kama alivyowauliza wote, "Mtoto huyu ni wa nani?"

Debora aligeuka akanitazama, akasubiri.

"Wangu!" Nilipiga kelele mpaka mwalimu akadondosha kalamu, na foleni yote ikageuka. "Huyu ni wangu, Mwalimu. Mimi ndiye baba yake."

Watu walinicheka tena, na sikujali hata kidogo, kwa sababu kuna mkono mdogo ulikuwa umeingia ndani ya wangu, na nilikuwa nausikia ule mkwaruzo wa kovu.