Maua ya Kofia na Mpunga wa Bi Asha

Siku yangu ya kwanza kazini nilinyang'anywa jembe. Nilikuwa nimetoka nalo kwetu Maramba, jembe la marehemu baba, mpini wake umelainika kwa kushikwa, nikidhani kazi ya bustani ni kulima tu kama kazi nyingine yoyote ya shambani. Bwana Bustani, ndivyo tulivyomwita msimamizi wetu, alilitazama, akalichukua, akaliegemeza ukutani. Kisha akanionyesha ndoo iliyopinduliwa kando ya tuta la maua.

"Keti hapo, Esta," alisema. "Mpaka saa nne unitazamie nani anakuja."

"Wageni wa Meneja?"

"Wageni wa maua."

Nikaketi. Wanawake waliokuwa wakipalilia njia walinicheka waziwazi, na mmoja akaniuliza kama niletewe na chai. Saa nne Bwana Bustani aliporudi nilimweleza nilichokiona: nyuki wa asali, nyuki weusi wakubwa wale wanaotoboa boriti za nyumba, vipepeo wa manjano, na chiriku, wale ndege wadogo wanaopenda kuimba. Akaniuliza nani alitua wapi, nani alikaa sana, nani alimfukuza mwenziwe. Nusu ya maswali sikuwa na jibu. Kesho yake alinikalisha tena, na jembe langu sikurudishiwa mpaka nilipoanza kujibu.

Hilo lilikuwa shamba la mkonge, na jina lake nitaliacha lipumzike. Wenye heshima pale walikuwa wakata mkonge na mafundi wa korona, yaani ule mtambo unaokamua jani la mkonge mpaka ibaki singa. Sisi wa bustani ya nyumba ya wageni tulihesabiwa pamoja na wapishi na wafagizi. Halikunisumbua hata kidogo. Mkonge ulikuwa na watu wengi wa kuujua. Maua yale yalikuwa na Bwana Bustani peke yake, halafu yakanipata mimi.

Yaliletwa na mke wa mhandisi mmoja Mzungu aliyeondoka kabla sijaajiriwa. Jina la kigeni la maua hayo lilikuwa refu, tukaachana nalo. Petali zake ni za zambarau na hulegea kuelekea chini, na katikati kuna kichwa kigumu cha kahawia, kilichoinuka kama kofia. Basi tukayaita maua ya kofia, na mpaka leo sina jina jingine.

Yalikuwa na maringo. Mbegu yake hupenda kuonja baridi kwanza ndipo iote vizuri, na Tanga baridi utaitoa wapi? Bwana Bustani alikuwa Mshambaa wa milimani, baridi anaijua. Alizichanganya mbegu na mchanga wenye unyevu, akazifunga kwenye kitambaa, akaziweka wiki kadhaa ndani ya friji ya mafuta ya taa ya nyumba ya wageni, ndipo tukaziatika kitaluni. Mwaka mmoja Mpishi Mkuu alilikuta lile furushi, akadhani ni viungo alivyoletewa kutoka mjini, akatia kijiko kizima kwenye mchuzi wa mgeni kutoka makao makuu. Mgeni alitafuna mchanga kwa adabu mpaka sahani ikaisha. Mpishi Mkuu na Bwana Bustani hawakusalimiana mpaka Pasaka.

Bustani nyingi za wakubwa wakati ule zilikuwa na sheria moja: ua likinyauka, kata. Kwetu ilikuwa marufuku. Kiangazi kikifika tuta letu lilionekana limekufa, vichwa vikavu vyeusi juu ya vijiti, na wageni waliuliza kama watunza bustani wamegoma. Lakini ndani ya vichwa vile ndimo mlimokuwa na mbegu, na chiriku walining'inia humo wakidonoa asubuhi nzima.

"Ua hili lina zamu mbili," Bwana Bustani alizoea kusema. "Likiwa hai linawafanyia kazi nyuki, likikauka linawafanyia ndege. Ukilikata umelinyima zamu ya pili."

Kisha ikaja miaka ya foleni. Bei ya singa ilianguka, korona ikawa inasimama kwa kukosa vipuri, na sabuni, sukari na mafuta ya taa vikawa habari za kusimuliana. Friji ilizimwa, Mpishi Mkuu akaifanya kabati la viatu vyake. Bila baridi, mbegu tulizoatika zilioza kitaluni. Ikabaki njia moja, kugawa mashina: unachimbua shina lililokomaa, unalipasua kwa kisu kikali, kila kipande kiwe na mizizi na chipukizi, unakipanda upya na kukifunika matandazo ya nyasi. Tuta moja tu ndilo lililobaki, na ndilo lililokuwa mzazi wa yote.

Katika miaka hiyohiyo Bwana Bustani alistaafu. Asubuhi ya mwisho alinikuta tutani.

"Onga makeo, Esta."

"Onga makeo, Bwana Bustani." Mimi ni Mbondei, lakini salamu yake niliiitikia kwa lugha yake siku zote.

"Mbegu zimeshatushinda. Sasa ni mizizi tu. Tuta hili likifa, hatuna pa kuyatoa tena."

"Halitakufa."

"Usiniambie mimi. Kamwambie Meneja."

Alijua anachosema. Haikuchukua muda amri ikatoka: kila kipande cha ardhi kioteshe chakula, na maua yote yang'olewe. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kambi nzima ya wafanyakazi waliokuwa wakila muhogo mkavu, na yeye ndiye waliyemtazama usoni. Nilimfuata ofisini kabla hajanifuata bustanini.

"Shikamoo, Bwana Meneja."

"Marahaba. Nimepita nyuma ya nyumba ya wageni, nimeona maua bado yapo."

"Yapo."

"Watu wangu wana njaa, wewe unanimwagilia maua. Maua yanaliwa?"

"Hayaliwi. Boga linaliwa. Nipe bustani yote niipande maboga, matango na pasheni. Lile tuta moja uniachie katikati."

"La nini?"

Nikamweleza. Mmea wa boga una maua dume na maua jike, na chavua, ule unga wa manjano, isipotoka huku ikafika kule, kiboga kinachomoza, kinageuka njano, kinadondoka. Kule kambini wanawake walikuwa wakiamka alfajiri, wanachuma ua dume na kulipangusa ndani ya ua jike kwa mkono, ua kwa ua, magoti yamelowa umande. Wenyewe waliita kuozesha. Nikamwambia mimi sitaozesha hata ua moja, kwa sababu nyuki walikwisha kuzoea kuja kwenye lile tuta, na wakija watapitia maboga.

Meneja akafunika daftari lake.

"Msimu mmoja," akasema. "Maboga yasipojaa jikoni, jembe nitashika mimi mwenyewe."

Yalijaa. Yalijaa hata yakachusha. Mpishi Mkuu aliyapika kwa nazi, akayapika kwa chumvi, akayaponda yakawa uji, mpaka watu wakawa wakisikia harufu ya boga wanageuza njia. Meneja alikuja siku moja, akasimama kando ya tuta, akamtazama nyuki mmoja mweusi aliyejaa chavua mgongoni kama mtu aliyeanguka kwenye gunia la unga. "Tuta lako libaki," akasema, na kabla ya mwaka kwisha akanipa nafasi ya Bwana Bustani. Wanaume wawili waliomba uhamisho wasiongozwe na mwanamke. Niliwatakia safari njema.

Kwa hiyo aliyenitoa jasho hakuwa Meneja. Alikuwa Bi Asha.

Bi Asha alikuwa mtu wa Pemba, mke wa fundi mmoja wa korona, na alilima mpunga kwenye bonde lililo chini ya bustani yangu. Miaka ile mpunga haukuwa wa sikukuu kwake, ulikuwa ndio chakula cha wanawe. Mpunga ukianza kutia maziwa ndani ya punje, ndege hushuka kwa makundi, na mwenye shamba huwa hana usingizi wala kazi nyingine. Huamia. Hupanda dunguni, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa, akapiga kelele na kuvuta kamba yenye makopo toka kunapambazuka hadi jua linazama. Asubuhi moja nilimwona anapanda kilima, panga mkononi.

"Hodi, Bi Esta."

"Karibu, Bi Asha. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa." Sauti yake ilikuwa imekauka, inatoka kwa kukwaruza. "Nimekuja na shauri la hawa ndege wako."

"Ndege si wangu."

"Basi nani kawaandalia? Wanastaftahi kwako, wakishanogewa wanateremka kwangu. Sauti yangu imekwisha. Wanangu watakula hayo maua? Wallahi, ama uvikate vichwa hivyo, ama nitavikata mimi, na nikianza sijui nitaishia wapi."

Nilikasirika. Tuta lile nilikuwa nimelitetea mbele ya Meneja, leo nije nitishwe na panga la jirani! Nilifungua mdomo nimweleze habari ya zamu mbili. Kisha nikaitazama shingo yake, mishipa imesimama, nikaona kwamba habari ya zamu mbili haimhusu mtu ambaye punje zake zinaliwa.

"Wewe una maboga, Bi Asha?" nikamuuliza.

"Ninayo. Kwani?"

"Unayaozesha?"

"Nina mikono mingapi? Alfajiri nipo dunguni. Yanadondoka tu."

Hapo tukaketi sote wawili, nikamweleza jinsi nyuki wa tuta wanavyoniozeshea maboga, na panga likawekwa chini. Tulikubaliana kwamba kila msimu mpunga ukianza kuiva, atakuja kuvikata vichwa vikavu vyote yeye mwenyewe, mizizi asiiguse. Naye akaomba kitu ambacho sikukitegemea.

"Nyuki nawataka, ndege ndio siwataki. Nipe shina moja nikalipande kwenye maboga yangu."

Nikampasulia shina zuri, lenye chipukizi mbili. Kuanzia hapo, msimu hata msimu, alikuja na kisu chake akakata vichwa safi, huku akinisimulia karafuu za kwao na harusi za kambini. Bwana Bustani angeona angezimia. Mimi niliona tuta liko hai, basi.

Miaka ikageuka. Sabuni zikarudi madukani, mitumba ikamwagika, kila mwenye nguvu akaruhusiwa kufungua biashara, na mashamba ya umma yakaanza kuuzwa. La kwetu likauzwa. Mume wa Bi Asha alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupunguzwa, wakapakia vitanda na masufuria kwenye lori wakahamia Usagara, Tanga mjini. Mimi nilibaki kidogo zaidi. Kisha akaja Mkurugenzi mpya, kijana mwenye adabu na haraka nyingi, akaniambia mahali pa bustani panahitajika kwa maegesho ya malori.

"Nipe nafasi nichimbue mizizi ya maua," nilimwomba.

"Njoo kesho, mama, uchukue chochote unachotaka."

Nilifika kesho yake na magunia mabichi ya kuhifadhia mizizi. Katapila lilikuwa limefika kabla yangu, maana dereva wake aliambiwa awahi na hakuna aliyemwambia habari zangu. Pale palipokuwa na tuta palikuwa pekundu, pamesawazishwa. Nilipiga magoti nikafukua kwa vidole, nikapata vipande vilivyosagika, nikaenda navyo nyumbani Chumbageni nikavipanda vyote. Hakikuota hata kimoja. Sikulia nilipoambiwa kazi imekwisha. Kwa maua yale nililia, na wanangu wakadhani nimefiwa.

Sikukuu ya Idi iliyofuata nilikwenda Usagara kumpa Bi Asha mkono wa Idi. Nitasema kweli, lile shina nililompa halikuwa kichwani mwangu. Nani ahame na ua aliloliendea na panga? Tulikula, tukacheka, akanitoa nyuma ya nyumba anionyeshe maboga yake. Kando ya maboga kulikuwa na mstari mrefu wa vijiti vya kijani vilivyosimama wima, kila kimoja kimekatwa kichwa. Majani yale niliyajua kabla akili haijasema kitu.

"Bi Asha, nini hii?"

"Si kofia zako hizo?"

"Vichwa viko wapi?"

"Nimekata." Akaona haya kidogo. "Mazoea, mwenzangu. Kila mwaka nakata. Mizizi sijaigusa, kama tulivyopatana."

Nilimkumbatia mbele ya kuku wake. Nilirudi Chumbageni na mashina kwenye ndoo, na safari hii yaliota yote.

Nyinyi mnaotunza bustani za mahoteli siku hizi mna mipira ya maji na dawa za kupuliza, na wengi wenu mna elimu ambayo Bwana Bustani angeipenda sana. Ninalo jambo moja tu la kuwaachia. Mkiajiriwa mahali, msianze na jembe. Pinduzeni ndoo mkae, mjue nani anakuja pale na anafuata nini, na mkimaliza kuangalia nyuki na ndege, mwangalieni na jirani.

Mimi sasa nina tuta moja mbele ya mlango, na kisu sikipeleki humo. Kiangazi kilichopita Bi Asha alikuja kunitembelea, mjane sasa, magoti yanamsumbua, tukaketi barazani. Vichwa vilikuwa vimekauka vizuri. Chiriku wakaja, kundi zima, wakatua kwa pamoja, na vijiti vikainama. Mkono wa Bi Asha ukaruka juu wenyewe, mdomo umefunguka, kelele ya dunguni iko tayari kooni. Alitazama ukuta wa jirani, mabati, barabara, akaushusha mkono taratibu juu ya paja.

"Hapa hakuna mpunga," akasema. "Waache wale."